Mumunye la Angani

Kwanza nikiri nilichokiona, maana nilichelewa sana kukisema.

Ilikuwa jioni ya ishirini na tisa Shaabani, jua limeshazama, mie na Baba tuko juu ya nyumba yetu Manzese. Pale juu palitakiwa pawe ghorofa ya pili, ila mpaka leo ni sakafu ya zege, nondo zimesimama wima na matangi mawili ya maji. Baba alikuwa mbele, kwenye ukingo, anautafuta mwezi wa Ramadhani. Mie nilikuwa nyuma yake naanua nguo, vibanio vitatu mdomoni. Nikainua macho. Upande wa Kimara, juu ya mnara wa simu, kilikuwa kimening'inia kitu kirefu cha rangi ya fedha, kimechongoka huku na huku, tumbo limejaa katikati. Hakikuwa na mabawa wala hakikutoa sauti. Kilikuwa kinakwenda, lakini polepole mno, mpaka nikadhani ni mie ninayeyumba. Ungenipa penseli nikichore, ningekuchorea mumunye.

Ndege nazijua. Nimekua nazitazama zikishuka Kipawa, na kwa mlio tu naweza kukwambia ipi kubwa na ipi ya kwenda Zanzibar. Kile hakikuwa ndege. Baba akasema, bila kugeuka, "Hee, kile nini tena?" Sikumjibu, nina vibanio mdomoni. Hazikupita dakika mbili nikamsikia anasema Alhamdulillahi, mwezi ule pale, chini ya kile kitu, kushoto mwa mnara. Nikatupa nguo nikakimbilia ukingoni. Nikatazama pale kidole chake kilipoelekea, nikatazama mpaka machozi yakanitoka. Sikuuona. Halafu wingu likaingia, na lilipotoka hapakuwa na mwezi wala mumunye.

Sasa lazima nieleze Baba ni nani, maana bila hivyo utaona nakuza mambo. Ni mtu wa miaka sabini na kitu, babu yake alitoka Yemen, na tangu nipate akili ana duka la nyuzi, vifungo, zipu na bitana hapa hapa Manzese. Mie ndiye niliyebaki naye baada ya ndoa yangu kuvunjika na Mama kutangulia. Mafundi cherehani wanakujaga na kipande cha kitambaa, hata kiwe na rangi isiyo na jina, na Baba anatia mkono kwenye boksi anatoa uzi wake, hauinui kwenye mwanga wala hafananishi. Anawapa, wanaondoka. Hajawahi kurudishiwa. Na jicho lile lile ndilo mtaa mzima ulilitegemea kwa mwezi. Kila ishirini na tisa, baada ya Magharibi, wazee watatu wa msikitini walikuwa wanakuja kwenye baraza yetu, wananywa kahawa, wanamuuliza. Akisema ameuona, wanawapigia simu wakubwa wanaotangaza mwezi. Akisema hajauona, wanamaliza kahawa wanaondoka. Kwa Ramadhani kuingia, shahidi mmoja mwadilifu anatosha, na kwetu sie shahidi alikuwa yeye.

Basi siku ile walikuja kama kawaida. Wakamuuliza ulikuwa juu kiasi gani, pembe zimeelekea wapi, umekaa muda gani. Akajibu vizuri, mmoja akawa ameshatoa simu. Hapo Baba, bila kuulizwa, akaongeza kwamba juu ya mwezi palikuwa na kitu kirefu kama chombo, kinaelea, hakijui ni nini. Jamani. Si angenyamaza? Lakini Baba ndivyo alivyo, kwake shahidi anayechagua cha kusema na cha kuacha si shahidi.

Wazee wakatazamana. Yule mwenye simu akairudisha mfukoni. Yule mkubwa wao, mtu mpole ambaye nampa shikamoo tangu nina meno ya utoto, akageukia mlangoni nilikokuwa nimesimama na birika. Akasema haniulizi kama shahidi, ananiuliza kama mtoto wa nyumba.

"Mwanangu, na wewe ulikiona hicho kitu?"

Nataka uelewe kilichopita kichwani mwangu, ingawa mwenyewe sikielewi vizuri. Nilijua nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa: na mwezi je? Na mwezi sikuuona. Watasema basi kilichomng'aria mzee ni hicho kidude, mwezi hapana. Nikaona dawa ni kulikata lile mumunye kabisa, lisiwepo, ili mwezi ubaki peke yake. Nikasema sikuona kitu. Nilisema haraka, na kwa ukali kidogo, kama ninavyosemaga ninapobanwa.

Mpaka neno linatoka, nikawa nimeshaona nilivyoharibu. Sasa Baba alikuwa ameona vitu viwili, na mtu aliyekuwa naye hatua tano nyuma hakuona hata kimoja. Mzee yule akamshika Baba goti. Akasema, "Mzee mwenzangu, umri nao. Tukamilishe thelathini za Shaabani." Wakanywa kahawa wakaondoka, na redioni nako wakatangaza mwezi haukuonekana popote.

Baba akavikusanya vikombe mwenyewe, jambo asilolifanyaga. Pale kwenye karo akaniuliza, mgongo umenielekea, kwani hukuona kitu kabisa? Hapo nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Nikasema hapana. Kwa nini nilisema hapana mara ya pili, sijui, na nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani niliona aibu kuwa mwongo, nikaongopa tena ili nisiwe mwongo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mie dole sijawahi kujikwaa.

Kesho yake ikawa siku ya shaka, isiyojulikana ni Shaabani au Ramadhani. Kwa wengine ilikuwa vunja jungu, siku ya mwisho ya kula kabla ya mfungo. Kila nyumba pilau, kila uchochoro harufu ya nyama. Jirani mmoja aliweka muziki wa singeli tangu saa tatu asubuhi. Na Baba alikuwa amefunga. Aliyeuona mwezi kwa macho yake inamlazimu kufunga, hata wenzake wakimkataa, na yeye aliuona. Alikaa dukani na midomo mikavu, watu wanapita wanamwambia mzee karibu pilau, anasema asante, nimeshiba.

Mie je? Mwezi sikuuona, kwa hiyo sina haki ya kufunga. Kumwamini Baba nilimwamini, kwa hiyo sina haki ya kula. Nikakaa bila nia na bila chakula mpaka saa nne, halafu nikaenda kunywa chai nyuma ya majora ya bitana, nimejificha kama mwizi. Sikufunga, sikula, sikuelewa. Siku ile moja nimekuja kuilipa baada ya Iddi, na mpaka leo sijui kama nilikuwa nadaiwa.

Jioni yake mwezi ukaonekana na kila mtu, hata watoto. Ulikuwa mnene, ukakaa angani muda mrefu. Nikawaambia majirani, si mnaona, huu ni wa pili huu. Wakanijibu unene wa mwezi hauna hoja, na kweli hauna, Baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo.

Ramadhani ikaingia na duka likabadilika. Fundi mmoja alikuja na kipande cha kaki. Baba akatia mkono kwenye boksi, akatoa uzi, halafu akasimama nao. Akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaurudisha, akatoa mwingine. Akaniita. "Mama, hebu tazama, huu ndio?" Nikasema ndio. Ulikuwa ule wa kwanza. Siku nyingine ikawa nyeusi na bluu iliyoiva. Siku nyingine kijani. Ikafika mahali hatii mkono boksini bila mie kuwa karibu, na mafundi wakaanza kunipa mie vile vipande, wanampita yeye kwa heshima, wanasema shikamoo mzee, wananinyooshea mie kitambaa. Wallahi nilitamani dunia inimeze.

Ungefikiri ningemwambia hapo hapo. Badala yake nikapata wazo lililonifanya nijione mjanja: nikijua kile kitu ni nini, nitamletea Baba jibu, atajua aliona kitu cha kweli, na mie sitalazimika kusema lolote. Nikaanza kutafuta.

Nikaanzia kwa mpangaji wetu, mwalimu wa fizikia, Mkristo, mtu wa Bara, ambaye ukimuuliza saa anakwambia kwanza jua linavyokwenda. Nikamwambia Baba ameona kitu hivi na hivi. Akafurahi mno. Akasema ni puto la watu wa hali ya hewa. Nikamuuliza hayo yakoje, akasema ya mviringo, yanapanda juu moja kwa moja. Nikamwambia hiki kilikuwa kirefu, kinakwenda kando. Akasema basi ni ndege, jua likiipiga kwa chini baada ya kuzama, mabawa yanapotea na unabaki mwili tu. Hilo likaniingia akilini. Tukapanda juu jioni tatu, yeye na daftari, mie na futari imeningoja chini, tukahesabu ndege kumi na moja. Zote zilikuwa na mabawa. Akasema inategemea pembe. Jioni ya nne nikamwambia mwalimu, mie pembe zinanitosha.

Jirani wa singeli akasema ni droni ya serikali inapiga picha nyumba zisizo na kibali, na akazitazama nondo zetu. Mama muuza vitumbua akasema ni wale wenyewe, na akakataa kufafanua wenyewe gani. Kila aliyeniambia, nilimwamini mpaka nilipofika kwa mwingine. Ubaya zaidi, kila jibu liliingia kwenye kumbukumbu yangu likahamisha vitu. Baada ya mwalimu nikawa nakumbuka mng'ao wa bati. Baada ya droni nikawa nakumbuka kitaa chekundu, ambacho naapa hakikuwepo. Nililiona lile mumunye kwa macho mawili, na kadiri nilivyolitafuta ndivyo lilivyokuwa linanitoka.

Kwenye ishirini na saba ya mfungo, mteja mmoja akaniambia Mbezi Luis, karibu na stendi, kuna duka la magodoro lilikuwa limefunga puto refu la tangazo juu ya paa, na siku hizi halipo. Nikafunga safari adhuhuri, jua la utosi. Nikamkuta mlinzi, kaka mmoja mchangamfu, akasema ee sista, lilikuwepo, kamba ilikatika likaenda zake. Siku gani? Akasema mkesha wa mfungo, anakumbuka kwa sababu bosi alifoka. Nikamuuliza mkesha upi, wa watu wote au ule wa siku moja kabla? Akanitazama kama mgonjwa. Dada wa kaunta akadakia kwamba mlinzi hajui kitu, puto lilikatika siku ya pili ya mfungo, yeye alikuwa amefunga na akalikimbiza mpaka barabarani. Wakaanza kubishana. Nikaomba picha. Dada akanirushia kwenye simu: puto refu, la fedha, limejaa tumbo, na nyuma lina mapezi manne makubwa kama ya samaki.

Mapezi hayo yakanichanganya kabisa. Safari nzima ya kurudi nilifumba macho nikajaribu kulivika mumunye langu mapezi. Mara linakubali, mara linakataa. Nimefika Manzese koo limekauka, kichwa kinagonga, hasira zimenijaa sijui za kwa nani.

Baba alikuwa peke yake dukani, ameshika uzi wa zambarau, ananisubiri nimwambie kama ni zambarau. Nikamwekea simu mbele, nikamwambia, haya, ulichokiona ni hiki, puto la magodoro la Mbezi. Akavaa miwani. Akaitazama ile picha muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasema huenda. Akasema siku hizi hawezi kuapa juu ya kitu. Halafu akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kwani kilikuwa na haya mapezi nyuma?

"Mapezi gani, Baba," nikamwambia. "Hakikuwa na mapezi. Kilichongoka huku na huku."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Baba akauweka uzi juu ya kaunta. Cherehani ya fundi wa jirani ikaendelea, ikasimama, ikaendelea.

"Kwa hiyo ulikiona."

"Nilikiona, Baba."

Nikasubiri anifokee. Nilitaka anifokee, nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake akavuta stuli akakaa, taratibu, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia mwezi mzima.

"Basi mie mzima," akasema.

Ndipo akanieleza. Zile mara mbili alizoniambia anakwenda kwenye msiba Ukonga, hakukuwa na msiba. Alikwenda kupima macho. Daktari akamwambia macho yako ya umri wako, hayana ugonjwa. Mara ya pili alikwenda kuhakikisha, akaambiwa vile vile. Kwa hiyo akajua kilichoharibika ni kichwa. Baba yake mwenyewe alianza hivyo hivyo, kuona vitu, na akafa hawajui wanawe. Akatoa kikaratasi mfuko wa shati, kimechakaa kwa kukunjwa. Ilikuwa ni majina yetu wote, watoto na wajukuu, kwa mwandiko wake, na langu la kwanza. Alikuwa anakisoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Sijui kama umewahi kuona mtu uliyemuumiza akifurahi. Alifurahi, wallahi, alitabasamu kama aliyeletewa mtoto mchanga, na hakuniuliza kwa nini. Angeniuliza ningepata pa kujitetea. Nililia mle dukani mpaka fundi wa jirani akaja kuchungulia, na Baba akamwambia ni swaumu tu, imemzidi leo.

Siku mbili baadaye ikawa ishirini na tisa, jioni ya kuutafuta mwezi wa Iddi. Yeye alikuwa na thelathini zake tayari, sie tuna ishirini na tisa. Wazee hawakutuma neno kwamba watakuja. Nikamwambia Baba panda. Akasema hakuna aliyemuita. Nikamwambia mie nimekuita. Akapanda, mkono mmoja ukutani, na safari hii sikuwa na nguo wala vibanio, nilisimama bega kwa bega naye. Baada ya muda akanyoosha kidole. Nikatazama. Niliona waya wa umeme, kunguru wawili, mnara, na wekundu uliobaki. Mwezi sikuuona. Nikamwambia vyote hivyo, kimoja kimoja, na akaitikia kimoja kimoja.

Nikashuka, nikajitanda ushungi, nikaenda msikitini. Nikasimama pale nje kwenye viatu mpaka wakatoka. Wanaume wananipita, wananitazama. Wale wazee watatu walipotoka nikawapa shikamoo, nikasema kabla ulimi haujageuka.

"Ile siku niliwaongopea. Kile kitu nilikiona, na kilikuwa kama alivyosema. Mwezi sikuuona, hata leo sikuuona. Lakini yeye ameuona."

Yule mkubwa wao akatafuta kiatu chake kwa mguu, hakukipata, akakitafuta tena. Akaniuliza niliogopa nini. Nikamwambia sijui, nilichanganyikiwa, na huo ndio ukweli ninaoujua mpaka leo. Kile kitu nacho sijakijua. Puto, ndege, au wale wenyewe wa mama wa vitumbua, nimewaachia wanaojua.

Hakuniambia nimesamehewa. Aliwatazama wenzake, wakaongozana mpaka barazani kwetu. Nikamimina kahawa. Wakamuuliza Baba ulikuwa juu kiasi gani, pembe zimeelekea wapi, umekaa muda gani. Akajibu. Mzee yule, kikombe mkononi, akauliza bila kumtazama usoni.

"Na kingine?"

"Leo juu yake hapana kitu," Baba akasema. "Mwezi peke yake."

Mzee akaweka kikombe chini, akatoa simu, akawapigia wakubwa. Akawaambia Manzese yupo shahidi.